Kwaya Iliyoipa Ngoma Mgongo

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1995, ngoma ya jukwaani iitwayo Mabegani ilichezwa kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika ukumbi wa jamii ulio mwendo mfupi kutoka mtaa wa Ziwani, Nairobi, na kwaya iliyoiimbia ilipangwa tangu mwanzo iwape wachezaji mgongo. Hayo yamethibitishwa na kila aliyehojiwa, wakiwamo watu wasiokubaliana juu ya jambo lingine lolote la siku hiyo.

Aliyeiongoza kwaya ni Millicent Kageha. Alizaliwa Maragoli, akaja Nairobi akiwa bibi arusi, na tangu hapo hakuhama Ziwani. Mumewe, Caleb Luseno, alikuwa fundi katika karakana ya reli. Kageha mwenyewe alishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa chini ya dirisha, na wateja wake walijua kwamba akiwa na wimbo mpya kichwani, cherehani hiyo hukimbia na kusita bila kufuata kitambaa. Sauti yake haikuwa tamu. Hata wanaompenda husema hivyo. Ilikuwa nene, yenye mkwaruzo, na kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wengine pa kuingilia.

Kanisa lake ni miongoni mwa yale yaliyokuja Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, pamoja na wafanyakazi kutoka magharibi mwa Kenya. Wazee wake wameomba jina lisitajwe, na ombi hilo limeheshimiwa. Sheria yake juu ya ngoma ilikuwa fupi: muumini hachezi, wala hasimami kutazama inapochezwa. Ni kweli kwamba kwaya yenyewe iliyumba kulia na kushoto wakati wa kuimba, lakini wazee walikwisha kuamua zamani kwamba huko ni kupumzisha miguu.

Desturi moja ya kwaya hii lazima ielezwe mapema, kwa kuwa bila hiyo yaliyotokea hayaeleweki. Mtu akifariki mtaani, kwaya huimba jioni zote za matanga, kisha huusindikiza mwili hadi kwenye basi la kwenda nyumbani magharibi. Jeneza likishainuliwa, wimbo haukomi. Ubeti wa mwisho ukiisha kabla ya wabebaji kufika, hurudiwa. Ukiisha tena, hurudiwa tena, mpaka jeneza litue. Hakuna palipoandikwa hivyo, na hakuna anayemkumbuka aliyeanzisha. Kageha alilieleza jambo hilo kwa maneno machache.

"Mtu akiwa mabegani bado hajafika. Utamnyamaziaje njiani?"

Caleb Luseno alifariki Machi 1993. Siku ya kumsafirisha, mtaro wa maji taka ulikuwa umechimbuliwa mbele ya nyumba na basi halikuweza kusogea. Jeneza likazungushwa nyuma ya vibanda, kupitia uwanja wa shule, hadi barabara kuu. Ubeti wa mwisho ulirudiwa mpaka sauti za juu zikaanza kupasuka na kuacha. Mjane hutarajiwa kuketi na wanawake wa ukoo, si kuimba. Kageha aliinuka kati yao, akajitosa katikati ya kwaya na kuushika wimbo hadi kwenye mlango wa basi.

Chini ya pembe ya mbele ya jeneza alikuwa mwanawe wa pili, Willis.

Willis Luseno alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliishi Huruma katika chumba cha kupanga, akafanya kazi ya kibarua katika kiwanda cha rangi, na kila Jumamosi alasiri alijifunza ngoma ya jukwaani kwa mwalimu aitwaye Ndanu. Mwalimu huyo aliwafundisha baleti watoto wa wenye nacho upande wa pili wa jiji, kisha akavuka na kuja Eastlands kuwafundisha vijana bila malipo. Tangu alipoanza mafunzo hayo, Willis hakukanyaga kanisani, na mama yake hakukanyaga ukumbini. Waliendelea kuonana na kula pamoja. Jambo hilo hawakulizungumzia.

Alipoulizwa ngoma ya Mabegani ilitoka wapi, Willis alitaja ile safari ya kuzunguka vibanda. Alisema kuwa hakukumbuka uzito wa baba yake. Alikumbuka kwamba miguu yake haikuwa yake, kwamba ilikwenda kwa pumzi ya mama. Baadaye, basi lilipoondoka na wimbo ukakoma, alihisi ukimya ambao hakuweza kumweleza mtu. Alitaka kuujenga ukimya huo jukwaani. Akatunga baleti ya tendo moja, ya wachezaji watano, isiyozidi nusu saa, kwa nyimbo tatu za kwaya ya mama yake. Mwishoni wachezaji wanne wangemwinua wa tano mabegani, wimbo ungekatika, na watazamaji wangeachwa na mtu aliye hewani na sauti isiyokuwapo.

Jumapili moja ya mwezi wa Julai 1995 alikwenda Ziwani kumwomba mama yake kwaya hiyo. Mazungumzo yao yameelezwa na wote wawili, kila mmoja peke yake, na hayatofautiani sana. Kageha alikuwa akikunja nguo. Alimwambia atafute kanda za kwaya, ziko nyingi.

"Kanda haipumui, Mama."

"Kwa hivyo unataka kumzika baba yako mara ya pili."

"La. Nataka kumbeba."

Kageha alikunja nguo mbili au tatu kabla ya kusema tena. "Unajua nitatolewa kwa kwaya."

"Najua."

"Unajua, na umekuja."

Willis alijimiminia chai. Alikaa mpaka chai ikapoa, akaaga. Lililokuwa hatarini lilieleweka kwa wote wawili. Kwaya ndiyo iliyombeba Kageha katika ujane. Siku za juma alizipanga kwa mazoezi yake. Na Willis alikuwa akimwomba, kwa mara ya kwanza tangu utu uzima, kitu ambacho hakuna mtu mwingine angeweza kumpa. Akikubali angepoteza mahali pake. Akikataa angebaki napo, na mwana angeendelea kuja kunywa chai na kutosema lolote.

Kageha hakuwa mtu wa kujificha. Alikwenda mwenyewe mbele ya wazee, akaomba kwaya iruhusiwe kuimba.

Aliyeongoza kikao ni Mzee Opicho, karani mstaafu wa baraza la jiji, mtu aliyeamini kwamba jambo lolote linaweza kuamuliwa likigawanywa vipande vidogo vya kutosha. Mzee mmoja alisema wimbo ni wa Bwana popote uimbwapo. Mwingine akauliza: kama ngoma haiwezi kuchezwa bila kwaya, je, si kwaya ndiyo itakayokuwa ikicheza kwa miguu ya wengine? Ndipo Opicho alipogawanya. Sheria, alisema, inakataza mambo mawili, kucheza na kutazama. Kuimba hakukutajwa. Basi kwaya iimbe ikiwa imeelekea ukuta. Atakayegeuka ataondoka kwenye kwaya, awe nani. Mama mmoja mzee aliuliza kama ukuta huo una kioo. Opicho alimjibu kwa utulivu kwamba angekwenda kuukagua, na kweli alikwenda.

Vijana walipoambiwa walicheka. Mmoja wa wachezaji, Okoth, fundi wa kuchomelea vyuma, alimshika Willis bega, akiwataja akina mama wa kwaya kwa Kisheng.

"Sasa buda, hawa wamathe wataimbia ukuta ama sisi?"

Lakini Mwalimu Ndanu alipowaona mara ya kwanza wamesimama nyuma ya jukwaa, safu ya migongo ya majoho ya samawati, aliomba pasibadilishwe kitu. Alisema hakuwa amepata kuona pazia lililo hai.

Shida ilikuwa nyingine, na hakuna aliyeiona kikaoni. Anayeongoza kwaya huielekea. Kwaya ikielekea ukuta, kiongozi husimama kati ya ukuta na kwaya, na macho yake, juu ya mabega ya waimbaji, hutua moja kwa moja jukwaani. Uamuzi wa Opicho ulimkinga kila mtu isipokuwa Kageha. Carolyne Nabalayo, mwimbaji wa sauti ya pili na jirani yake wa siku nyingi, alimshauri afumbe macho. Kageha akakataa. Kufumba macho, alisema, ni kama kujificha nyuma ya mlango ulio wazi. Akaamua kuingia safuni na kuelekea ukuta kama wengine, akaongoza bila mikono, kwa kuvuta pumzi na kugusa kiwiko cha jirani, jinsi wanavyofanya njiani wakati wa mazishi, ambako hakuna nafasi ya mtu kusimama mbele.

Mazoezi yalikwenda kwa miezi miwili. Wachezaji walihesabu, kwaya haikuhesabu. Kageha alirefusha neno pale alipoona linastahili, na vijana waliachwa na mguu mmoja juu, wakingoja. Okoth alilalamika kwamba huyu mama anaendesha wimbo kama anayetafuta njia usiku. Hatimaye Willis aliwaamuru waache kuhesabu na wasikilize pumzi. Ilichukua muda, lakini walijifunza.

Kilichobishaniwa hasa ni mwisho. Kwa vile kwaya haikuona, walikubaliana kwamba Willis akishainuliwa, Okoth angepiga sakafu kishindo kimoja kwa mguu na kwaya ingekoma. Kageha hakupenda. Alimwambia mwanawe kwamba mtu bado yuko juu na wao wananyamaza, si vizuri. Willis alimjibu kwamba ndivyo ilivyo kweli, wimbo humwacha mtu hewani. Yeye aliachwa. Kageha akasema, "Haya. Ni yako." Katika kila zoezi, kishindo kiliposikika kwaya ilikoma, ingawa kwa shida. Wachezaji walisimama papo hapo bila kusogea, mzigo mabegani.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa: watu wa Ziwani, wa Kaloleni, wa Huruma, jamaa za wachezaji, wanafunzi wa Ndanu kutoka upande wa pili wa jiji na wazazi wao. Mzee Opicho alikuja pia. Kwa kuwa hakuruhusiwa kutazama, aliketi nje uani kwenye benchi, kofia yake magotini, ili ahakikishe mambo yanakwenda sawa kadiri yanavyoweza kuhakikishwa na mtu aliye nje.

Juu ya ngoma yenyewe ushahidi ni mwingi na haulingani. Wengine wanakumbuka hasa mikono, jinsi wachezaji walivyopeana kitu kisichoonekana, kizito, wakikipokea kwa magoti. Wengine wanakumbuka tu safu ya migongo ilivyopanda na kushuka kwa pumzi nyuma yao. Okoth anasema hawakukosea popote hadi mwisho.

Sakafu ilikuwa imepakwa nta wiki hiyo kwa ajili ya harusi. Willis aliinuliwa, akalala chali mabegani mwa wanne, macho amefumba. Okoth alipiga kishindo. Kwaya ikakoma. Ukimya ulikuwapo, kama ulivyopangwa, kwa muda wa pumzi moja hivi. Kisha mguu wa Okoth uliokuwa umepiga ukateleza. Ili asimwangushe Willis alipiga hatua mbele, na wale watatu, kwa kuwa mzigo ni mmoja, wakapiga hatua pamoja naye. Halafu nyingine.

Wanakwaya walisikia nyuma yao miguu ya wabebaji inatembea chini ya uzito. Waliijua sauti hiyo. Walikuwa wameisikia kwenye vichochoro vya Ziwani na kwenye vilima vya Vihiga, kwao magharibi, maisha yao yote.

Kageha akauanza tena ubeti wa mwisho.

Hakugusa kiwiko cha mtu, na hakuna aliyengoja kuguswa. Kwaya nzima ilikuwa ndani ya wimbo kabla ya neno la pili. Okoth alieleza hivi: "Nilikuwa nirudi nyuma, tusimame vile tulifunzwa. Lakini wimbo ukaanza. Sasa mtu ananiimbia ubeti wa kubeba, mimi nimweke wapi?" Juu yake, Willis, bila kufumbua macho wala kusogeza midomo, aliwaambia waende.

Wakaenda. Waliteremka ngazi za jukwaa, wakaingia katikati ya watu. Viti vikaburutwa. Watu wa Eastlands walisimama, wanaume wakavua kofia. Wageni wa Ndanu wakawaona na kusimama pia. Kila ubeti ulipoisha ulirudiwa. Wabebaji walivuka ukumbi, wakatoka mlangoni, na nyuma yao watazamaji wakageukia mlango na wengine wakawafuata. Uani, Mzee Opicho aliiona ngoma ikimjia. Hakuwa na pa kwenda. Anasema alisimama, na kwamba kofia ilikuwa mkononi tayari.

Wakamlaza Willis kwenye nyasi, mbali kiasi kutoka mlangoni, karibu na mfereji wa maji.

Na wimbo ukakoma. Haukumalizia ubeti, ulikatika katikati ya mstari, mgongo wa Willis ulipogusa ardhi. Mwalimu Ndanu, aliyekuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, anasisitiza kwamba mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Okoth anasema vivyo hivyo, na Opicho pia. Kutoka jukwaani hadi kwenye nyasi zile hakuna mtu angeweza kusikia kijana akilazwa chini, sembuse kwaya inayoimba kwa nguvu zake zote. Anayesimama nyuma ya jukwaa angeweza kuona kwa kugeuka tu, macho yapite ukumbi mzima na mlango wazi hadi uani.

Makofi hayakupigwa. Baadhi ya watu walikuwa wakilia, na mwanamke mmoja aliuliza ni nani aliyefariki.

Wiki iliyofuata wazee waliwaita wanakwaya mmoja mmoja. Swali lilikuwa moja: uligeuka? Carolyne alijibu kwamba aliangalia rangi ya ukuta mpaka akaijua kwa moyo, na kama mzee ana haja angeweza kumweleza nyufa zake. Wote walikana, na hapakuwa na sababu ya kutowaamini. Walipoulizwa kama kiongozi wao aligeuka, walisema hawajui. Opicho, kwa kumtendea haki, ndiye aliyewaonyesha wenzake ugumu uliopo. Mwanakwaya ambaye angeshuhudia kwamba Kageha aligeuka angekuwa amekiri kugeuka yeye mwenyewe. Watazamaji walikuwa wameelekea mlango. Wachezaji walikuwa nje. Willis alikuwa amefumba macho. Opicho naye alikuwa akimtazama kijana aliyelazwa mbele ya miguu yake, jambo alilokiri kikaoni kabla ya kuulizwa, akaongeza kwamba kwa maoni yake ile haikuwa tena ngoma. Wenzake hawakukubaliana naye.

Kageha aliitwa mwisho. Aliketi, akasikiliza swali, hakujibu. Likarudiwa. Hapo Mzee Opicho aliinama kidogo kumwelekea.

"Dada Kageha, sema hapana. Ni neno moja. Sisi hatuna shahidi wa kulipinga."

"Mzee," Kageha akasema, "hilo hapana Willis atalisikia."

Hakusema zaidi. Wazee walielewa, kwa kiasi fulani, na ndiyo maana hukumu haikuwa ya hasira. Neno ambalo lingemrudisha safuni ndilo ambalo lingemwambia mwanawe kwamba siku aliyobebwa, mama aliutazama ukuta hadi mwisho. Na neno la kumpa mwana lingemnyang'anya kwaya. Aliamua kutompa yeyote lolote. Iliandikwa kwamba atakaa nje ya kwaya hadi atakapojibu, na Carolyne akakabidhiwa uongozi huku akilia.

Hadi mwaka 1999, mazungumzo haya yalipokusanywa, alikuwa hajajibu. Hukaa benchi la nne upande wa wanawake na kuimba kama waumini wengine wanavyoimba. Carolyne anasema kwamba kwaya bado huvuta pumzi na benchi hilo. Opicho ameomba mara mbili adhabu ifutwe bila jibu, na mara mbili amekataliwa. Willis alijaribu kuirudia Mabegani kwa kanda. Wachezaji walifika kwenye kishindo, wakasimama, wakamteremsha taratibu, na hawakujaribu tena. Siku hizi huja Ziwani kila Jumapili baada ya ibada. Aliulizwa kama amewahi kumwuliza mama yake. Alisema hapana, na kwamba tangu siku ile mazungumzo yao ni marefu kuliko zamani, lakini hilo hajaligusa. Kageha naye alipoulizwa, aliuliza kama sukari kwenye chai inatosha.

Wimbo ulikoma wakati mwili ulipotua. Haijulikani kama Millicent Kageha aligeuka.